Usiku wa Halloween: Tunakataa Nini, na Jirani Tumfanyie Nini?

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na maswahaba zake. Ama baad.

Kila inapokaribia tarehe 31 Oktoba, ndugu zetu wanaoishi Marekani, Kanada na Uingereza huuliza swali moja. Shuleni watoto wao hutakiwa waje wamevaa mavazi ya mizuka na wachawi, na usiku watoto wa jirani hugonga mlango wakitaka peremende. Je, Muislamu ashiriki? Na akikataa, akatae vipi?

Wanachuoni wetu wametufunza kwamba kitu hakihukumiwi kabla ya kujulikana. Basi tuanze na asili yake. Watu wa kale wa Ireland na Scotland walikuwa na sikukuu iitwayo Samhain, ya mwisho wa mavuno na mwanzo wa majira ya baridi. Masimulizi yao yanauhusisha usiku huo na viumbe wa ghaibu kutoka na kuwaingilia watu. Kisha likaja Kanisa. Papa Gregory wa Tatu (731–741) alitenga kanisa dogo mjini Roma kwa ajili ya watakatifu wao wote, na katika karne ya 9 tarehe 1 Novemba ikaenea Ulaya ya magharibi kuwa siku ya watakatifu hao. Tarehe 2 ikawa ya kuwaombea wafu. Jina Halloween lenyewe maana yake ni mkesha wa siku ya watakatifu. Njaa kubwa ya Ireland ya mwaka 1845 hadi 1852 iliwahamishia watu wengi Marekani pamoja na mila zao, na huko boga la kuchongwa likawa alama yake. Katika karne ya 20 likawa jambo la watoto na biashara kubwa.

Wapo Waislamu wasemao: "Leo hakuna anayeamini hayo, ni mchezo tu." Tunawajibu kwa mambo matatu.

Kwanza, Anas bin Malik (R.A.) amepokea, katika riwaya ya Abu Daud, kwamba Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za kucheza. Hawakumtajia sanamu wala ibada, walimtajia mchezo tu. Pamoja na hayo hakuwaacha nazo, bali aliwajulisha kuwa Allah amewabadilishia zilizo bora: Idi ya Kuchinja na Idi ya Kufungua. Basi hoja ya "mchezo tu" haitoshi.

Pili, ni itikadi. Suratul Muuminun, aya ya 100, inatufunza kwamba nyuma ya wafu ipo barzakh mpaka siku ya kufufuliwa. Maiti harudi kutembea mitaani. Mtoto anayefurahishwa kila mwaka kwa mafuvu na makaburi ya bandia huondolewa taratibu ile khofu ya Akhera ambayo kwayo tumesuniwa kuzuru makaburi.

Tatu, ada ya kudai peremende kwa kutishia kitimbi, hata kwa mzaha, haiafikiani na makatazo ya Mtume (S.A.W.) ya kumtisha Muislamu mwenzio.

Kwa hiyo sisi tunaona Muislamu asishiriki: asivae, asipambe nyumba, wala asimpeleke mwanawe kuzunguka milangoni. Lakini uadilifu ni wajibu, kama ilivyo katika Suratul Maida, aya ya 8. Si haki kusema jirani yako anamuabudu shetani, ilhali wengi wao hawakusudii ila kuwafurahisha watoto. Mwambieni mwalimu mapema na kwa upole. Usiku huo zimeni taa ya barazani, kwani Marekani wengi hulielewa hilo kuwa nyumba haishiriki. Mtoto akigonga, asifukuzwe wala kukaripiwa, aambiwe kwa tabasamu kuwa sisi hatuna sikukuu hii. Kisha siku ya Idi mpelekeeni jirani huyo sahani ya chakula. Na mtoto wetu aliyenyimwa boga apewe Idi yenye furaha ya kweli, nguo mpya na zawadi, asije akaona dini ni makatazo matupu.

Tunamalizia kwa nasaha kwetu sisi tulioko pwani ya Afrika Mashariki. Imamu anayekemea Halloween mimbarini, huku katika mtaa wake watu wanapeleka ubani na chakula pangoni kwa mizimu, hajaikamilisha kazi yake. Suratul Jinn, aya ya 6, inatueleza kwamba watu waliojikinga kwa majini hawakuzidishiwa ila uzito. Wamarekani wengi wanaigiza mizuka kwa mchezo, na baadhi yetu tunaiogopa kwa dhati. Lipi lililo zito zaidi mbele ya Allah? Kinga yetu ni moja, Naye ndiye anayetajwa katika Falaq na Naas.

Wallahu a'alam.