Utayarishaji wa Diski za Kuweka Mfumo Huria wa Kompyuta

Watumishi wa Serikali na wakaazi wa Unguja na Pemba wanafahamishwa kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha matengenezo ya kawaida ya mfumo wa Windows 10. Kompyuta zenye mfumo huo zingali zinawaka, lakini kasoro za usalama zinazogunduliwa baada ya tarehe hiyo hazizibwi kama ilivyokuwa, na aghalabu kompyuta kongwe haitimizi masharti ya Windows 11. Njia mojawapo ya kuinusuru ni kuiwekea mfumo huria, mathalani Debian, ulioasisiwa na Ian Murdock mwaka 1993. Mfumo huo hutolewa bila ya malipo na huruhusiwa kunakiliwa. Hivyo diski moja iliyotayarishwa vyema yaweza kutumika afisini, skuli na majumbani. Iliyotayarishwa vibaya nayo husambaza hasara kwa kadiri hiyo hiyo.

Kwanza itazamwe kompyuta yenyewe. Debian 13, iliyotolewa tarehe 9 Agosti 2025, haina tena diski ya kuiweka katika kompyuta za biti 32. Kadhalika uangaliwe ukubwa wa faili: sidii ya kawaida hubeba megabaiti 700, na dividii ya tabaka moja gigabaiti 4.7. Lipo faili dogo ambalo huchota sehemu kubwa ya mfumo kutoka kwenye intaneti wakati wa kazi. Kwa afisi yenye mtandao wa kusuasua, faili la dividii ndilo bora, kwani latosha kukamilisha kazi bila ya mtandao.

Hatua inayopuuzwa mno ni uhakiki. Pamoja na faili hutolewa namba ya uhakiki, yenye tarakimu na herufi 128, itokanayo na hesabu ya yaliyomo. Aliyepakua hufanya hesabu hiyo upya (katika Windows ipo amri ya certutil) kisha akalinganisha. Herufi moja ikitofautiana, faili lisitumike, lipakuliwe tena. Ulinganifu huo huonyesha kwamba faili halikuharibika njiani. Ama kwamba limetoka kwa wenyewe, hilo huthibitishwa na sahihi ya kidijitali inayoambatana na orodha ya namba hizo.

Wengi hukosea katika kuchoma. Faili hilo ni taswira ya diski nzima. Likinakiliwa kama inavyonakiliwa barua, diski itakuwa na faili moja tu ndani yake na kompyuta haitaweza kuanzia hapo. Katika programu ya kuchomea ichaguliwe kazi ya kuchoma taswira, kwa mwendo wa taratibu, na diski ihakikiwe ikishamaliza. Flashi nayo yafaa, maadamu ieleweke kwamba vyote vilivyokuwamo vitafutika.

Tahadhari kubwa zaidi ni ya kumbukumbu. Anayechagua kutumia diski kuu yote ya kompyuta kwa mfumo mpya hufuta kila kilichomo, ziwe orodha za mishahara, matokeo ya mitihani au picha za familia. Nakala itolewe kabla, iwekwe nje ya kompyuta hiyo, na ifunguliwe katika kompyuta nyengine kuonekana kwamba inasomeka. Diski iliyokamilika iandikwe juu yake jina la mfumo, toleo na tarehe ya kuchomwa.