Gloriosa, Mmea Unaolala Kiangazi Kizima

Ifikapo Agosti, udongo mwekundu wa Karatu umegeuka vumbi na bustani nyingi zinaishi kwa ndoo. Kuna mmea mmoja wa kutambaa ambao msimu huo hautaki hata kopo la maji. Gloriosa superba hukauka majani na shina, tunguu likabaki limelala ardhini hadi mvua zirudi.

Ni mmea wa kwetu. Humea wenyewe vichakani na pembezoni mwa misitu, Tanzania na kwingineko Afrika. Zimbabwe ndilo ua la taifa.

Uzuri wake huonekana ukiusogelea. Ncha ya jani hurefuka ikawa kama uzi, ikajisokota kwenye waya au ufito, na hivyo mmea hupanda hadi mita 2. Ua huinama, lakini petali zake 6 hupinduka kuelekea juu, kingo zikiwa na mawimbi, njano ikiishia kwenye wekundu mkali. Baadaye tumba la kijani hukauka, hupasuka sehemu tatu na kuonyesha safu za mbegu nyekundu.

Kwa Karatu, wakati mzuri wa kupanda ni Oktoba, kabla ya vuli. Tunguu lilazwe ubavu, kina cha sentimita 5 hadi 10, kwenye udongo usiotuamisha maji, uliochanganywa na mchanga na samadi iliyooza. Lishikwe taratibu, kwani chipukizi hutoka nchani, na ncha ikivunjika huenda mwaka ukapita bila ua. Anayeanzia kwenye mbegu atasubiri miaka kadhaa.

Hata hivyo, mmea wote una sumu iitwayo kolchisini, hasa tunguu na mbegu. Kwa kipimo kidogo cha daktari, kolchisini hutibu jongo, ikizidi, huua. Huko Sri Lanka watu wamekufa baada ya kula tunguu wakidhani ni kiazi. Kwa hiyo usipandwe karibu na viazi wala mbuzi wanapofika. Anayelishika tunguu avae glavu, na penye watoto wadogo matumba yakatwe yangali mabichi. Aliyemeza apelekwe hospitali papo hapo, maana dalili huweza kuchelewa kwa saa kadhaa.

Pamoja na hatari hiyo, gloriosa inastahili nafasi kwenye ua wa nyumba za Karatu, wilaya inayopakana na msitu wa Ngorongoro. Jirani na msitu haifai kupanda mimea ya kigeni inayoweza kuuvamia, kama lantana, iliyoletwa kutoka Amerika kama pambo la bustani. Ndege wakala matunda yake, wakaisambaza, na leo ni gugu sugu sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Gloriosa, kwa upande wake, imekuwa sehemu ya vichaka vya huku tangu zamani.

Anayeutaka asiende kuuchimba hifadhini, jambo lisiloruhusiwa. Aulize kwenye vitalu vya maua, au amwombe jirani mwenye nao tunguu moja mwishoni mwa kiangazi, mmea ukiwa bado umelala.