Mashine zinazokata chuma usiku bila mtu: Faida iko wapi?

Mwenye karakana aliyenunua mashine ya kukereza vyuma kwa mkopo hulipa riba ya saa 24 kila siku, hata kama mashine yenyewe inafanya kazi saa 8 tu. Pengo hilo ndilo lililozaa biashara kubwa ya roboti viwandani, na ndilo linalowafanya wawekezaji wafuatilie kwa karibu hisa za makampuni yanayotengeneza mitambo hiyo.

Hesabu yake ni nyepesi. Mwaka una saa 8,760. Karakana inayofanya kazi zamu moja ya saa 8, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 50, hutumia saa 2,000 tu. Hiyo ni chini ya robo ya mwaka. Saa zilizobaki mtambo umesimama, lakini unaendelea kuzeeka na deni linaendelea kudai.

Kazi inavyofanyika

Mashine za kisasa za kukereza na kuchonga vyuma huongozwa na kompyuta. Fundi huandika programu, mashine hufuata vipimo vyake na hubadilisha visu vya kukatia yenyewe. Kinachomlazimu mtu kusimama hapo ni kazi mbili ndogo: kuweka chuma kibichi na kutoa kilichokwisha kuchongwa. Roboti hufanya kazi hizo mbili. Mkono wake huchukua chuma kutoka kwenye meza iliyopangwa mchana, hufungua mlango wa mashine, hutoa kipande kilichokamilika, huweka kingine na kutoa ishara kwamba kazi inaweza kuanza.

Hivyo mafundi hupanga meza jioni, hufunga karakana na kwenda nyumbani. Asubuhi hukuta vipande vimekwisha. Kwa kuwa mkono wa chuma hauhitaji mwanga ili ufike mahali ulipoelekezwa, taa huweza kuzimwa. Ndiyo maana viwanda vya namna hii huitwa viwanda vya gizani.

Wazo la zamani

Jambo hili si geni. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Molins ya Uingereza, iliyojulikana kwa mashine za kutengeneza sigara, ilibuni mtambo ulioitwa System 24. Jina hilo lilitokana na saa 24: vipande vifungwe mchana na mashine ziendelee kukata usiku kucha. Kiufundi wazo lilikuwa zuri, lakini kibiashara halikufanikiwa. Kompyuta za wakati huo zilikuwa ghali na dhaifu, na wanunuzi hawakujitokeza kwa wingi.

Waliofanikiwa ni Wajapani. Kampuni ya FANUC ilianza mwaka 1956 kama kitengo ndani ya Fujitsu, chini ya mhandisi Seiuemon Inaba, na ikawa kampuni inayojitegemea mwaka 1972. Mwaka 1981 ilifungua kiwanda karibu na Mlima Fuji ambako roboti zilisaidia kutengeneza roboti nyingine, na usiku mashine ziliendelea kukata chuma zikichungwa na watu wachache mno. Taarifa za mwaka 2003 zilieleza kuwa kiwanda chake kiliweza kutoa roboti 50 kwa saa 24, na kufanya kazi hadi siku 30 bila msimamizi. Mwaka 2023 kampuni hiyo ilifikisha roboti milioni 1 tangu ilipoanza kuzitengeneza.

Gharama ya saa moja

Kwa mfanyabiashara, swali ni kama gharama ya saa moja ya mashine inashuka. Tuchukue mfano. Mashine ya dola 150,000 ikigawanywa kwa miaka 5 hugharimu dola 30,000 kwa mwaka. Ikifanya kazi saa 2,000, kila saa hubeba dola 15 kabla ya umeme, visu na mshahara.

Sasa mwenye karakana aongeze roboti, meza na vishikizo vyake kwa dola 60,000. Gharama ya mwaka hufika dola 42,000. Mtambo ukifanya kazi saa 6,000, kila saa hubeba dola 7. Bei hiyo inamwezesha kushinda zabuni ambazo jirani yake mwenye zamu moja hawezi kuzigusa.

Lakini mfano huo huo una upande wa pili. Ili arudi kwenye dola 15 alizokuwa nazo mwanzo, anahitaji saa 2,800 kwa mwaka. Maana yake ni kwamba saa 800 za nyongeza, yaani zaidi kidogo ya saa 3 kila siku ya kazi, ni za kulipia roboti tu. Asipokuwa na oda za kujaza saa hizo, roboti inakuwa mzigo. Mtambo usiolala hauna faida kwa mtu asiye na kazi ya kuupa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari linalohitajika ni la oda kabla ya kuwa la mashine.

Hasara ya usiku

Hatari kubwa ni kosa lisiloonekana. Mashine inayotoboa kipande kimoja kila dakika 10 hutoa vipande 60 kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 alfajiri. Ncha ya kutobolea ikivunjika kwenye kipande cha kwanza na mtambo usigundue, asubuhi fundi hukuta vipande 60 vya kutupwa. Pamoja na chuma kilichopotea, kuna mteja anayesubiri mzigo wake siku hiyo.

Kwa sababu hiyo, karakana makini hazinunui mkono wa roboti peke yake. Hununua pia kipimo cha kugusa kinachokagua kipande na kisu kabla ya kuendelea, na programu inayohesabu dakika ambazo kila kisu kimetumika ili kibadilishwe kabla hakijachakaa. Huweka visu vya akiba vya aina ile ile ndani ya mashine. Aidha, huweka pampu yenye nguvu ya kusukuma nje nyuzi za chuma, kwa kuwa nyuzi zikijisokota kwenye kipande huzuia mkono wa roboti kukishika sawasawa.

Moto ni jambo jingine. Mashine zinazotumia mafuta ya kupoozea zinaweza kuwaka, na usiku hakuna wa kupiga kelele. Kizima moto kinachojiwasha chenyewe ni sehemu ya bei ya mtambo, na suala la bima linafaa kumalizwa kabla ya usiku wa kwanza. Umeme nao lazima uwe wa kuaminika. Ukikatika katikati ya mkato, kipande huharibika na mara nyingi mtambo hausongi mbele mpaka mtu aje.

Mafundi wanaobaki

Mitambo hii haiondoi watu wote. Hupunguza anayesimama kubadilisha vipande, na huongeza haja ya fundi anayejua kuandika programu, kupanga vishikizo na kutafuta chanzo cha kosa. Anayepoteza ni kibarua wa zamu ya usiku. Karakana ambayo haijafundisha mafundi wake kabla ya kuleta roboti hujikuta ikimlipa mtaalamu wa nje kila mtambo unaposimama.

Hata makampuni makubwa yamejikwaa. Mwaka 2018 mkuu wa Tesla, Elon Musk, alikiri hadharani kuwa kutumia mitambo kupita kiasi katika kiwanda chake cha magari lilikuwa kosa, na kosa hilo lilikuwa lake.

Upande wa hisa

Mwekezaji mdogo anayevutiwa na hisa za watengeneza mitambo anapaswa kujua kuwa biashara hii hupanda na kushuka kwa nguvu. Viwanda vikiwa na hofu, kitu cha kwanza kuahirishwa ni ununuzi wa mashine. Chama cha watengeneza mashine za kukatia vyuma cha Japani hutangaza thamani ya oda kila mwezi, na masoko huzitazama takwimu hizo kama dalili ya hali ya viwanda. Mwaka 2009, baada ya msukosuko wa fedha duniani, oda zilianguka hadi takribani yen bilioni 400 kutoka takribani yen trilioni 1.3 mwaka uliotangulia. Mwaka 2018 zilivuka yen trilioni 1.8, kisha mwaka 2020 zikarudi karibu na nusu ya kiasi hicho.

Kampuni ya namna hii hujikinga kwa kuweka akiba kubwa ya fedha, na hapo wenye hisa huanza kuuliza maswali. Mwaka 2015 mfuko wa Marekani wa Third Point uliibana FANUC kuhusu fedha zake zilizolala, na mwaka huo huo kampuni iliongeza sehemu ya faida inayogawiwa wanahisa kutoka asilimia 30 hadi asilimia 60.

Kwa ufupi, anayenunua roboti ahesabu oda za saa 800 za kwanza, na anayenunua hisa atazame oda za miezi kadhaa kabla ya kuvutiwa na faida ya mwaka mmoja. Wote wawili wanategemea jambo lile lile: kama mwenye kiwanda ana kazi ya kutosha kujaza usiku wake.