Mwaka Huu ni wa Hesabu Ipi?

Tuseme majirani wawili wa pwani wanagombania shamba la minazi. Mmoja ana hati ya mwaka 1915. Wa pili ana karatasi ya babu yake, ya herufi za Kiarabu, imeandikwa mwaka 1320. Je, karatasi ipi ni ya kwanza?

Tusikimbilie kujibu. Kwanza tuulize: miaka hii imeanza kuhesabiwa lini?

Miaka tunayoitumia ofisini na shuleni huhesabiwa tangu kuzaliwa kwa Yesu Kristo. Iliyotangulia tunaiandika K.K., yaani Kabla ya Kristo. Inayofuata ni B.K., Baada ya Kristo. Mwaka wa sifuri haupo: baada ya mwaka 1 K.K. ulikuja mwaka 1 B.K.

Waislamu huhesabu tangu Hijra, yaani Mtume Muhammad alipohama Makka kwenda Madina, mwaka 622 B.K. Wazee wa pwani waliandika barua na hati nyingi kwa hesabu hiyo.

Basi, tuongeze 622 tu yaishe? Hapana. Mwaka wa Hijra hufuata mwezi mwandamo. Una siku 354 au 355, kwa hiyo ni mfupi kwa siku 11 hivi. Miaka 33 ya Hijra ni karibu sawa na miaka 32 ya ofisini.

Tufanye hivi:

1. Tugawanye mwaka wa Hijra kwa 33.
2. Jibu tulitoe katika mwaka huohuo.
3. Tuongeze 622.

1320 ÷ 33 = 40
1320 – 40 = 1280
1280 + 622 = 1902

Kumbe karatasi ya babu ndiyo ya kwanza, kwa miaka 13! Tungeongeza 622 tu, tungepata 1942, na mjukuu angeambiwa karatasi yake ni ya juzi.

Jibu laweza kupishana kwa mwaka mmoja, maana miaka hii haianzi siku moja. Kwa tarehe kamili, tumwendee mjuzi wa kalenda zote mbili.

Hata historia yetu husomwa hivyo. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka 500 wa Hijra. Ndio mwaka 1107 B.K.

Kwa hiyo karatasi za wazee msizitupe. Na sasa jaribuni wenyewe: mwaka 1287 wa Hijra ni mwaka gani? Mkipata 1870, mmehesabu sawasawa.