Mswada Mmoja, Mawakala Kumi

Mmarekani Kathryn Stockett alikataliwa mara 60 na mawakala wa waandishi kabla ya yule wa 61 kukubali riwaya yake, The Help. Kitabu kilitoka mwaka 2009 na kikauza mamilioni ya nakala. Habari hiyo husimuliwa sana kama kisa cha subira, lakini ndani yake mna hesabu pia. Wakala akijibu mapema, ni baada ya wiki kadhaa. Miezi mitatu ni jambo la kawaida. Lau Stockett angempelekea mmoja, akangoja, akakataliwa, ndipo akamwendea mwingine, foleni hiyo ingemchukua miaka 15. Yeye alitumia mitatu na nusu.

Kwa hiyo mwandishi anayetaka kuingia katika soko la London au New York asione haya kuwapelekea mawakala kadhaa kwa mpigo. Aliyelelewa Pwani anaweza kuhisi kama anapeleka posa nyumba tano siku moja. Katika soko hilo hakuna anayeshangaa. Wakala mwenyewe anajua kuwa barua aliyoipokea asubuhi imefika pia kwenye meza za wenzake, na haoni kosa. Kosa huja baadaye, mambo yanapoanza kuwa mazito na mwandishi akanyamaza.

Ili kuelewa sababu, ni vizuri kujua wakala anakula nini. Kazi hii ilianzia London miaka ya 1870 na Mskoti A. P. Watt, aliyewauzia waandishi miswada yao kwa wachapishaji na kujikatia asilimia 10. Siku hizi kiwango cha kawaida ni asilimia 15 ya anachopata mwandishi, na mara nyingi 20 kitabu kinapouzwa nchi za nje. Kitabu kisipouzwa, wakala hapati kitu. Ndiyo kusema miswada ya wageni anaisoma bure, aghalabu usiku na mwisho wa wiki, mchana ukiwa wa wateja alionao tayari. Karibu kila kanuni ya adabu katika biashara hii imejengwa juu ya saa hizo zisizolipwa.

Na kwa kuwa mapato yake yanatokana na mauzo, wakala wa kweli hadai ada ya kusoma. Chama cha mawakala wa Marekani kinawakataza wanachama wake kufanya hivyo. Anayeomba dola 200 ili "autathmini" mswada, mwandishi na afunge barua pepe hiyo aendelee na shughuli zake.

Hatua ya kwanza ni barua. Uingereza wakala huomba barua fupi, muhtasari wa hadithi na sura tatu za mwanzo. Marekani wengi huanza na barua na kurasa chache tu. Kila ofisi ina masharti yake kwenye tovuti, na hayo ndiyo ya kufuatwa. Anayeandika barua moja akaipeleka kwa anwani 40 zote zikionekana juu, amejiharibia mara 40. Kila barua iwe na jina la mlengwa na sababu ya kumchagua yeye. Hapa waandishi wetu huponzwa na malezi mema: tumezoea kuanza na salamu, kuulizia hali, kisha kutoa shukrani za awali. Wakala wa London anataka kukiona kitabu kufikia sentensi ya pili.

Ofisi moja ikiwa na mawakala wanne, achaguliwe mmoja. Wanakaa jengo moja, wanapeana miswada, na katika baadhi ya ofisi mmoja akikataa, wote wamekataa. Inafaa pia kupeleka kwa mafungu, mawakala sita au wanane kwa fungu, halafu kutulia. Kama majibu ya fungu la kwanza yote ni hapana, huenda ufunguzi una kasoro, na ni afadhali kuusuka upya kabla ya kuwamaliza wasomaji wote. Stockett aliendelea kuuhariri mswada wake katikati ya barua za kukataliwa, hata akiwa hospitalini siku ya kujifungua.

Mambo hubadilika wakala anapoomba mswada mzima. Sasa anakwenda kutumia siku mbili au tatu za maisha yake. Akiuliza kama wengine wanao, ajibiwe kweli. Pengine ataomba ausome peke yake kwa muda. Mwandishi anaruhusiwa kukataa, na hana budi kukataa ikiwa mwingine anao tayari. Akikubali, waandikiane tarehe ya mwisho, tuseme wiki nne, na ndani ya wiki hizo asimpe mtu mwingine.

Kisha siku moja simu inalia: wakala anamtaka mwandishi. Wengi hapa hupagawa wakasema ndiyo papo hapo, huku mawakala watatu wengine wakiendelea kusoma mswada ambao umeshachukuliwa. Hilo ndilo linalowaudhi kuliko yote. Desturi ni kushukuru, kuomba muda, kwa kawaida wiki mbili, kisha kuwaandikia siku hiyohiyo wote wenye mswada kwamba kuna aliyejitokeza na tarehe ya kujibu ni fulani. Hakuna haja ya kumtaja jina. Ambaye mwandishi anajua fika hatamchagua, aambiwe tu kwamba mswada umeondolewa. Kumkesheza bure ni ukatili. Na wale ambao hawajawahi kuuona mswada wasiwindwe sasa kwa kutumia jina la aliyejitokeza.

Kubuni wakala asiyekuwepo ili kuwaharakisha waliopo ni hatari zaidi. Duara lao ni dogo. Hukutana kwenye maonyesho ya vitabu ya London na Frankfurt, na huzungumza.

Afrika Mashariki mambo ni tofauti, na tofauti hiyo huwachanganya wengi. Nairobi na Dar es Salaam mwandishi kwa kawaida humwendea mchapishaji moja kwa moja, naye hugharamia wasomaji wa kuutathmini mswada. Kuwapelekea wachapishaji wawili bila kuwaambia kunaweza kumwingiza mmoja hasara ya fedha taslimu. Vilevile kupita ofisini kuulizia, au kupiga simu, kwetu ni kuonyesha unajali. Kwa wakala wa ughaibuni ni usumbufu. Barua pepe moja ya ukumbusho baada ya miezi mitatu inatosha.

Kuna pia wanaojaribu njia zote mbili kwa wakati mmoja. Mtu anayemtafuta wakala London huku akiusambaza mswada uleule kwa wachapishaji wa London anamwachia wakala duka tupu, kwani mhariri aliyekwisha kukataa ni nadra kuusoma mara ya pili. Soko jingine ni habari nyingine. Jennifer Nansubuga Makumbi, Mganda anayeishi Manchester, riwaya yake Kintu ilikataliwa Uingereza kwa kuonekana ya Kiafrika mno. Aliipeleka Nairobi kwenye shindano la miswada la Kwani?, wachapishaji wa huko, ikashinda mwaka 2013 na kuchapishwa mwaka uliofuata. Baadaye ikatolewa Marekani, kisha Uingereza kulekule.

Na katika zile wiki mbili za kungoja baada ya wakala kujitokeza, mwandishi naye ana haki ya kuhoji. Mswada utapelekwa kwa wahariri gani? Marekebisho gani yanatakiwa? Nani atashughulikia haki za tafsiri, Kiswahili kikiwemo? Mkataba unavunjwaje, kwa notisi ya muda gani? Hilo la mwisho watu huona aibu kuliuliza, ilhali kwa kawaida wakala huendelea kukata asilimia zake kwenye vitabu alivyoviuza hata baada ya kuachana na mwandishi.