Nyota Iliyokwanguliwa

Anayeanza kujifunza rangi za maji hachelewi kuuliza: nyeupe iko wapi? Kwenye rangi za mafuta jibu ni jepesi, kwani nyeupe hupakwa mwishoni juu ya nyingine. Kwenye rangi za maji, nyeupe ni karatasi yenyewe. Rangi huzimuliwa hadi iwe nyepesi kama chai ya kuongezwa maji. Mwanga huipenya, hugonga karatasi, kisha humrudia mtazamaji. Ukiifunika karatasi kwa rangi nzito, mwanga umeuzima. Ndiyo maana mchoraji wa rangi za maji huanza kwa kuamua ni wapi hatagusa.

Mchoro unaonionyesha jambo hili kuliko wowote ule ni “Rigi ya Buluu” wa J.M.W. Turner, Mwingereza, wa mwaka 1842. Ni mdogo kuliko gazeti lililofunuliwa: upana wake ni kama sentimita 45, na kimo chake kama 30.

Turner alizaliwa London mwaka 1775, mtoto wa kinyozi. Mwaka 1841, akiwa mzee tayari, alifikia katika mji wa Lucerne, Uswisi, ambako ng’ambo ya ziwa huonekana mlima Rigi. Aliutazama saa baada ya saa, akiunasa kwa michoro ya harakaharaka. Mwaka uliofuata alitoa michoro mitatu iliyokamilika ya mlima huohuo: mmoja wa giza, mmoja mwekundu wa jioni, na huu wa buluu, wa muda ule mfupi kabla jua halijachomoza.

Mlima wenyewe umetandazwa tabaka juu ya tabaka la buluu, kila moja likiachwa likauke kwanza. Juu ya matabaka hayo akapitisha vistari vyembamba vya brashi ndogo, vingi mno, ambavyo kwa mbali havionekani; kinachobaki ni hewa yenye unyevu. Nyuma ya mlima anga limeanza kuwa la manjano, na ziwa linalirudisha. Mbele, mbwa wanarukia maji na bata wanatimka. Napenda fujo hiyo ndogo, maana bila yake usingeusikia ukimya wa ziwa.

Kisha ipo Zuhura, nyota ya alfajiri. Hapo Turner hakupaka chochote. Aliikwangua rangi mpaka karatasi nyeupe ikatokeza tena. Hiyo ilikuwa kawaida yake: mwaka 1818, akiwa mgeni katika nyumba ya Farnley huko Yorkshire, alichora meli ya kivita kwa asubuhi moja tu, akiilowesha karatasi, akiikwaruza na kuiparura kwa ukucha kama mwenye wazimu, hadi meli ikajitokeza.

Mwaka 1842 wanunuzi walisitasita. Dalali wake, Thomas Griffith, aliwaonyesha sampuli za michoro ya Uswisi akitafuta oda kumi, na hata hizo hazikutimia. Mwaka 2006 “Rigi ya Buluu” iliuzwa mnadani London kwa pauni milioni 5.8. Ili mchoro usiondoke Uingereza, jumba la sanaa la Tate lilichangisha umma, na mtu wa kawaida aliweza kutoa pauni tano na “kununua” mpigo mmoja wa brashi. Mwaka 2007 ikathibitika kuwa mchoro utabaki nchini. Nauona mchango huo kuwa wa haki kabisa, kwa kuwa mchoro huu umejengwa kwa mipigo midogo kama hiyo.

Kuutazama, hata hivyo, kunahitaji bahati. Rangi za maji hufifia kwa mwanga, na rangi ikishafifia hairudi. Michoro ya karatasi ya aina hii huonyeshwa kwa vipindi, chini ya taa hafifu, kisha hurudishwa ghalani. Sehemu kubwa ya maisha yake, alfajiri ile ya Lucerne huipitisha gizani.