KUTAZAMA SI KUJUA

Katika gazeti letu la muhula huu nataka kueleza jinsi mwanafunzi awezavyo kujifunza kompyuta kwa video ndefu bila kupoteza wakati wake. Habari hii naijua vizuri, maana mimi mwenyewe niliupoteza wangu kwanza.

Kozi ninayoisema inaitwa CS50. Ni somo la mwanzo la kompyuta katika Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, na mwalimu wake ni David J. Malan, ambaye analifundisha tangu mwaka 2007. Video zake hutolewa bure kwa watu wote. Tena wenyewe wameruhusu zinakiliwe na kugawanywa, mradi mtu asizifanyie biashara na chanzo chake kitajwe. Kwa ruhusa hiyo mwalimu wetu alizinakili katika flashi, akaziweka katika kompyuta za shule yetu hapa Nkuhungu. Kwa kuwa sisi wa bweni haturuhusiwi kuwa na simu, na intaneti haipatikani kila siku. Jumamosi alasiri tunapewa saa 2 za kuzitazama.

Video hizo zote pamoja zinapita saa 20. Majuma ya kozi huhesabiwa kuanzia 0, maana waandishi wa programu wamezoea kuhesabu hivyo. Juma la 0 ni la Scratch, ambayo mtu huunganisha vipande vya rangi kama mtoto anayepanga vigae. Kisha huja lugha ya C, njia za kutafuta na kupanga vitu, kumbukumbu ya kompyuta, lugha ya Python, na mwishoni kurasa za intaneti.

Nilipokuwa Kidato cha Tatu tulianza wanafunzi wanne. Tulitazama kama watu watazamavyo sinema. Mwalimu Malan ni msemaji hodari. Katika fundisho la kwanza huchukua kitabu kinene cha namba za simu, akakifungua katikati, akakipasua, akaitupa nusu isiyo na jina analolitafuta. Kisha akaipasua tena ile iliyobaki. Tulicheka sana, tukaona tumeelewa. Kwa mafundisho manne hatukusimamisha video hata mara moja, nami nikajiona nimekwisha kuwa fundi.

Ikafika siku ya wazazi. Mwalimu akaniomba niandike mbele ya wageni programu moja ndogo, ambayo ni kazi ya juma la 1 katika kozi ile ile. Programu humwuliza mtu kimo kati ya 1 na 8, kisha huchora ngazi ya kimo hicho kwa alama za #, ikiegemea upande wa kulia. Nilikaa mbele ya kompyuta. Nikaandika mistari miwili ya mwanzo, ambayo kila mtu huiandika, na hapo nikakwama. Kuhadithia kitabu kilivyopasuliwa niliweza, lakini kuandika programu ya mistari michache sikuweza. Baada ya kitambo mwalimu akanihurumia, akaita kwaya iimbe.

Mama yangu alikuwa amekaa mstari wa mbele. Hakunilaumu. Tulipoagana langoni aliniuliza tu, "Mwanangu, hizo Jumamosi zote ulikuwa ukifanya nini?"

Swali hilo lilinisumbua mpaka likizo, nilipokwenda kwa mjomba Hombolo, ambako analima zabibu. Tangu utoto wangu nimemwona akipogoa mizabibu yake. Mwaka huo akanipa mkasi, akasema, "Haya, mpwa wangu, kata." Sikujua tawi lipi likatwe na lipi liachwe, ijapokuwa nilikuwa nimemtazama kwa miaka mingi. Ndipo nilipopata jibu la mama. Jumamosi zote nilikuwa nikimtazama mtu mwingine akifanya kazi.

Wataalamu wamekwisha kulipima jambo hili. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walieleza jaribio lao. Wanafunzi walisoma kipande cha habari; kisha wengine wakakisoma tena, na wengine wakaandika yote waliyoyakumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika 5, waliosoma mara mbili ndio waliokuwa mbele kidogo. Lakini baada ya juma 1, walioandika walikumbuka sehemu 56 katika 100, na waliorudia kusoma 42 tu. Maana yake ni kwamba kurudia humfanya mtu ajione anajua, bali kujaribu kukumbuka ndiko kunakobakiza maarifa kichwani.

Basi muhula uliofuata nilianza upya toka juma la 0, na taratibu yangu ndiyo hii.

Kwanza, simamisha video kila baada ya dakika 10 hivi. Geuka usiitazame skrini, uandike kwa Kiswahili yale uliyoyaelewa. Mwalimu Malan husema Kiingereza upesi, na mtu aweza kudhani ameelewa jambo kumbe amesikia maneno tu. Usipoweza kulieleza kwa Kiswahili, rudi nyuma ulisikilize tena.

Pili, lijaribu jambo kwa kitu kilicho mkononi mwako. Kile kitabu cha simu mimi nilikijaribu kwa kamusi ya maktaba, bila kuipasua. Chukua kitabu cha kurasa 1,024. Ukitafuta neno ukurasa kwa ukurasa, huenda ukafunua zote. Ukigawa katikati na kuacha nusu kila mara, zinabaki 512, kisha 256, 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2, hata 1. Umegawa mara 10 tu. Walakini njia hii yafaa kwa sababu maneno ya kamusi yamepangwa kwa taratibu. Yangekuwa yamechanganyika ovyo, isingesaidia.

Tatu, kila saa 1 ya kutazama iwe na saa 1 ya kufanya kazi, na kazi ianzie katika karatasi. Ile ngazi iliyoniaibisha niliichora katika daftari la hesabu lenye visanduku, kwa kimo cha 4. Mstari wa 1 una nafasi tupu 3 na alama 1. Wa 2 una nafasi 2 na alama 2. Wa 3 una nafasi 1 na alama 3. Wa 4 hauna nafasi tupu, una alama 4. Hapo kanuni ikajionyesha yenyewe: alama ni sawa na namba ya mstari, na nafasi ni kimo kutoa namba ya mstari. Kilichobaki kilikuwa kuiambia kompyuta irudie. Kazi ya namna hii haihitaji umeme. Jumamosi umeme ukikatika, sisi huendelea na madaftari yetu.

Nne, fanyeni kazi wawili wawili. Mmoja aandike, mwingine aseme la kuandika, kisha mbadilishane. Kompyuta ikikataa na kutoa orodha ya makosa, sahihisheni lile la kwanza kabla ya mengine. Wakati mwingine kosa moja huleta makosa mengine chini yake. Wala msikimbilie majibu ya watu wengine.

Tano, Jumamosi ifuatayo, kabla ya kufungua fundisho jipya, andika tena programu ya juma lililopita pasipo kutazama daftari. Ukishindwa, usiendelee mbele.

Kwa taratibu hii fundisho 1 hunichukua Jumamosi mbili au tatu. Mpaka sasa nimefika juma la 4, la kumbukumbu ya kompyuta, ambalo ni gumu kuliko yote niliyoyaona, na hapo nimesimama, maana mtihani wa taifa uko mbele yangu. Kwa hiyo nawashauri wadogo zangu wa Kidato cha Pili waanze sasa, kwa kuwa muhula mmoja hautoshi. Walimu wetu nawaomba wasituulize tumetazama mafundisho mangapi, bali watuambie tuandike programu mbele yao. Nanyi wazazi, mtoto akisema anasoma kompyuta, mwombeni awaonyeshe alichokitengeneza.

Mama alipokuja kunitembelea muhula huu, nilimwomba mwalimu ruhusa, nikamketisha mbele ya kompyuta. Programu ikamwuliza kimo. Akabonyeza 9, ikamwuliza tena, maana 9 haikubaliwi. Akabonyeza 8, na ngazi ikasimama mbele yake, mstari kwa mstari.

Akaitazama, kisha akasema, "Sasa nifundishe mimi." Nikamfungulia daftari la visanduku, nikampa kalamu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne